Nilisema Ni Kama Ubao

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikakaa nalitazama, maana hakuna wa kuniitikia marahaba. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua huanza na salamu, ikafuata hali ya mwandishi, ndipo lije jambo lililomfanya ashike kalamu. Ulikuwa unawatania wanakisomo waliojaza salamu ukurasa mzima mpaka karatasi inaisha na jambo lenyewe halijasemwa. Basi hali yangu si nzuri. Na jambo lenyewe ni kwamba kile kitabu hakipo tena.

Nimelisema. Sasa nilieleze taratibu, kwa sababu tangu tuvuke na jeneza lako pale Busisi kwenda kukuzika kwenu Muleba, sijamweleza mtu yeyote. Ni miezi minne sasa. Watu wanaona nimekonda, wanadhani ni kwa kukulilia wewe. Nakulilia, ndiyo, lakini pia nakuogopa.

Unakumbuka ile kompyuta ilivyoletwa kwenye kituo chetu cha kisomo cha watu wazima hapa Buzuruga, imefungwa blanketi kama mgonjwa? Ilikuwa kuukuu, ya msaada, na wanakisomo wote walisimama ilipoingia darasani. Mkuu wa kituo alishaandaa tangazo la kozi, maana mjini siku hizi kila mlango una tangazo la kozi ya kitu fulani. Ulimkatalia palepale, mbele yetu.

“Hapa hakuna kipindi cha kompyuta,” ulimwambia. “Kuna kipindi cha barua, kuna cha afya, kuna cha ushonaji. Mashine itakaa humo humo.”

Mimi msaidizi wako nilikuona mkaidi. Nilitaka kozi, nilitaka niitwe mwalimu wa kompyuta. Lakini baada ya muda nikaona ulichokuwa unakifanya. Akina mama wa ushonaji wakaanza kupanga vipimo vya sare kwenye mashine. Wale baba waliopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo wakaandika barua zao za kuomba kazi, wakazisahihisha bila kuanza upya kila mara. Kwenye somo la afya tuliandika namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Hakuna aliyeambiwa kwamba anasoma kompyuta. Walikuwa wanasoma kisomo chao tu, na vidole vikazoea.

Na Bibi Milembe, jamani. Anatoka kuanika dagaa Igombe, anafika ananukia ziwa, anabonyeza herufi moja kisha anaifuta kwa khanga yake kabla ya kubonyeza nyingine. Nilipomwambia kile kidude cha mkononi kinaitwa panya, alikataa kukishika. Alisema panya wamemlia dagaa wa kutosha. Ukacheka mpaka ukashika kiti, ukakipa jina la kokoto, na tangu hapo darasa zima likakiita kokoto. Sijakusikia ukicheka hivyo tena baada ya siku ile. Au ulicheka na mimi sikuwepo.

Halafu ukaanzisha kitabu. Ulisema watu wazima wamechoka kusoma habari za sungura, wasome habari zao wenyewe. Mmoja mmoja alikaa kando yako akasimulia, wewe ukapiga chapa maneno yake jinsi yalivyotoka, na Kisukuma chake humo ndani, kisha mwenyewe akaandika mstari wa mwisho kwa vidole vyake. Bibi Milembe alisimulia ile barua ya binti yake wa Tabora. Aliibeba kifuani mwaka mzima bila kusomewa na mtu, kwa kuwa hakutaka kinywa cha mwingine kiitangulie, mpaka siku aliyoweza kuisoma mwenyewe akakuta amezaliwa mtoto, amepewa jina lake. Nilikuwa nafagia huku nasikiliza. Nilisikia vipande vipande tu, Mwalimu. Nilijua itakuwa kitabuni.

Sasa nifike kwenye kosa.

Darasa letu asubuhi ni la watoto wa chekechea, ndiyo maana uliweka ile desturi: aliyeandika wa mwisho ndiye anayefuta ubao, ili wanaokuja wasikute uchafu wetu. Watu wameshanakili kwenye madaftari, yaliyobaki ubaoni ni vumbi tu. Bibi Milembe aliishika desturi hiyo kuliko sisi wote. Na nilipokuwa najiandaa kuwafundisha kufuta maneno kwenye mashine, ulinikanya. Najua ulinikanya, kwa hiyo sina pa kujificha.

“Sabina, usiwaambie ni kama ubao,” ulisema. “Waambie ni kabati. Ubao kila mtu anafuta. Kabati la mwenzako hulifungui ukatupa nguo zake.”

Niliitikia ndiyo, na moyoni nikasema mama huyu naye, neno moja linamnyima usingizi. Ukalazwa. Sukari ilipanda ikashuka, daktari akasema utatoka Ijumaa. Nikawa nafundisha peke yangu. Nikawaambia ni kabati, wakaniuliza mlango wake uko wapi na kwa nini nguo zinaonekana kwenye kioo. Nilieleza mara mbili, mara tatu. Nilichoka. Nikasema basi, ni kama ubao tu. Mwalimu, ungeziona nyuso zao. Waliachia pumzi wote kwa pamoja. Nikarudi nyumbani najiona nimekuzidi akili.

Hukutoka Ijumaa. Ulifariki Jumapili.

Tuliporudi kutoka Muleba kulikuwa na wageni waliotarajiwa kuja kuona darasa. Bibi Milembe aliwahi kabla yangu. Alifagia, akafuta ubao, akafuta madirisha, halafu akaiwasha mashine kama nilivyomfundisha. Akafungua faili la kwanza kwenye orodha, akakuta maandishi yako, yale uliyoyafungua mwisho, ukurasa baada ya ukurasa. Wewe kabla ya kulazwa ulishawaambia kwamba kitabu kinakwenda kuchapwa. Kwa hiyo kwake hayo yalikuwa mabaki ya ubaoni: kitabu kimeshanakiliwa, kimeshakwenda. Akashika yote, akafuta. Akabonyeza pa kuhifadhi kama tunavyomaliza kila kipindi, na mashine ikamuuliza kwa Kiingereza kama iweke ukurasa huo mtupu mahali pa yale ya zamani. Mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba ikikuuliza, jibu ndiyo. Akajibu ndiyo.

Nilipoingia alikuwa amesimama pembeni yake, mikono amekunja mbele kama mwenye nyumba.

“Nimewafutia, mwalimu,” aliniambia. “Wageni wakute pasafi. Marehemu hakupenda uchafu.”

Nikamwambia asante, Bibi. Nikakaa. Kioo kilikuwa cheupe chote, na kile kijiti kinachoonyesha pa kuandika kikipepesa juu kabisa, mwanzoni, mahali pa jina lako.

Utaniuliza disketi. Ulinipa wodini, ukaniambia nihamishie nakala. Siku ile kulikuwa na mgao, nikasema umeme ukirudi. Umeme ulirudi Jumatano, na mimi Jumatano nilikuwa sokoni nachagua blauzi za mitumba. Blauzi ninayo. Disketi ninayo pia, iko kwenye mkoba, haina kitu. Mashine ya kuchapia ilikuwa haina wino tangu mwezi wa kabla, hivyo hata karatasi moja hatukuwahi kutoa. Nimepekua meza yako, nimepekua madaftari yako yote, nikapata orodha ya majina ya wasimulizi na mbele ya kila jina umeweka alama ya vyema.

Na bado sijamaliza, Mwalimu. Mkuu wa kituo aliniuliza kitabu kiko wapi. Nikasema umeme. Nikasema ulikatika ghafla ukakila. Nilijiambia namlinda Bibi Milembe, lakini si kweli, nilijilinda mimi. Angejua kwamba msaidizi alifundisha vibaya, angenikaripia mimi, au angeniondoa, na mashine ingebaki darasani. Badala yake aliniamini. Akasema basi mashine haiwezi kukaa kwenye vumbi na umeme mbovu, itafutiwe mahali pake. Sasa iko chumba cha kona, kina pazia na kufuli. Ameajiriwa kijana kutoka mjini, na nje kuna lile tangazo ulilolikataa, Kozi ya Kompyuta. Wanaoingia ni vijana waliomaliza sekondari, wanavua viatu mlangoni. Wanakisomo wetu ada hawaiwezi, na hata wangeiweza, kijana yule anaanza na Kiingereza.

Vipimo vya ushonaji tumerudi kuviandika kwa chaki. Wale baba wa kiwandani wameacha kuja. Mmoja nilimkuta stendi ya Nyegezi anabeba mizigo ya abiria, akaniambia bila hasira yoyote kwamba kumbe ilikuwa ya kuonjeshwa tu. Siku nyingine tunakuwa saba darasani, wiki iliyopita tulikuwa wanne. Kila ulichokijenga kilikuwa kimesimama juu ya kuaminiana, na mimi nimekibomoa kwa neno moja la uvivu na neno moja la uongo. Siandiki hivi ili unifariji. Huwezi.

Bibi Milembe haachi kuja. Hilo ndilo linaloniua. Anakuja kila Alhamisi, anakaa mbele, na kipindi kikiisha anafuta ubao, kisha ananiuliza kama kitabu kimefika. Namwambia bado kinachapwa. Anasema haya, kazi ya chapa si ya pupa. Anataka nakala mbili, moja ya Tabora, ili mjukuu mwenye jina lake akikua asome kwamba bibi yake alisoma ukubwani. Juzi nilijaribu ujanja. Nilimwomba anisimulie tena habari ya ile barua, nikiwa na kalamu chini ya meza. Alinitazama akacheka.

“Ah, mwalimu, mbona nilishamwambia yeye,” alisema. “Si ipo kitabuni.”

Akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika kalamu.

Nimefikiri kuendelea kusema bado mpaka atakapochoka kuuliza, au mpaka mmoja wetu aondoke. Ingewezekana. Ni mzee, ananiheshimu, angekubali bado yangu miaka mingi. Nimefikiri pia kumwambia uongo ule wa umeme. Lakini wewe hukuwahi kumficha mwanakisomo jambo lake. Aliyefeli ulimwambia amefeli, ukakaa naye. Ulisema tukianza kuwadanganya kwa huruma tutakuwa tumewarudisha kuwa watoto. Nami nimemfanya Bibi Milembe mtoto kwa miezi minne, yeye ambaye hakutaka hata barua yake isomwe na kinywa cha mwingine.

Kesho ni Alhamisi. Nakuahidi nitamwambia. Nitamwambia aliyefuta ni yeye na aliyekosea ni mimi, na sitaanza na la pili ili kulipunguza la kwanza. Najua atakavyofanya. Hatalia. Atainuka, atafunga khanga yake vizuri, atashika njia ya Igombe, na sidhani kama atarudi, wala sidhani kama ataigusa tena mashine yoyote maisha yake yote. Mkuu wa kituo nitamwambia Ijumaa, ingawa chumba cha kona hakitafunguliwa kwa ajili hiyo.

Nisamehe kama huko mliko mnasamehe. Lala, Mwalimu. Mimi kesho nitampoteza mwanakisomo wako asiyeacha kuja, na nitampoteza kwa kumwambia kweli.

Msaidizi wako,
Sabina