Maganda ya Farida

Likombe, Mtwara
14 Aprili 1999

Shikamoo, Shemeji Danieli.

Mnaendeleaje huko Njombe na baridi yenu? Sisi tunapumua, ila nina habari mbaya. Ng'ombe aliyeniachia marehemu Isaya amekufa juzi, siku ya misa yake ya mwaka. Asubuhi jirani yangu Farida alimletea maganda ya muhogo. Saa sita tumbo lilikuwa limevimba, akaanguka. Watu wanasema ni muhogo mchungu. Lusini, yale majani ya malisho uliyonitumia mbegu zake, imestawi vizuri, lakini sasa ni ya nani?

Mke wa ndugu yako,
Yustina

Njombe
9 Mei 1999

Marahaba, Yustina. Pole sana. Hapa wote wazima, mama anakusalimu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Tumbo lilivimba upande gani? Muhogo mchungu humfanya mnyama atwete na kutetemeka. Ng'ombe kuvimba upande wa kushoto nimeshaona kwa lusini mbichi yenye maji. Ndiyo maana nilikuandikia uikate, inyauke nusu siku, uichanganye na majani makavu. Sikulaumu. Niambie tu.

Shemeji yako,
Danieli

Likombe
20 Novemba 1999

Shikamoo, Shemeji. Natumaini mama bado ana nguvu. Mwanetu Jesca hajambo.

Barua yako imekaa chini ya godoro miezi sita. Ni upande wa kushoto. Siku ile wageni walijaa na mvua ilikuwa imenyesha. Niliikata lusini imelowa, nikampa ng'ombe beseni zima, nikawahi kanisani. Maganda ya Farida hakuyagusa. Nilijua siku ileile, lakini bombani waliponiuliza, nikasema muhogo. Niliona aibu kusema nimemuua mimi, ng'ombe ambaye Isaya alimfuta matope kwa shati lake la kufundishia.

Tangu hapo watu hawapokei chakula kutoka mkononi mwa Farida. Kwenye msiba wa jirani walimwondoa jikoni.

Jana nilimwendea kumwambia ukweli. Hakunikaribisha ndani.

"Mama Jesca, hayo mbona unaniletea mimi? Mimi nayajua. Yapeleke bombani ulikoyasemea."

Leo asubuhi nimeyasema, foleni nzima ikisikiliza. Mmoja akacheka, "Kumbe mke wa mwalimu kaua kwa majani ya bustani." Farida alijaza ndoo, akajitwisha, akaondoka bila kunitazama. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisogezea nafasi. Nikabaki na ndoo yangu mpaka zamu yangu ilipofika.

Mke wa ndugu yako,
Yustina