Kilo Moja na Nyongeza

Mtaa wa Gakoromone,
Meru.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kibibi,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Voi? Na goti lako je, limekubali dawa mpya au bado linakusumbua ukiinuka? Sisi hatujambo. Idd ilipita salama. Baba alichinja mbuzi, na mahali pako kwenye mkeka palikaliwa na paka.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Jambo lenyewe linanichanganya, na nikilieleza kwa simu nitakuchanganya na wewe.

Unajua nilianza kufundisha Januari, gredi ya tatu, katika shule ndogo ya kibinafsi hapa nyuma ya soko. Sijasomea ualimu, nina cheti cha kidato cha nne tu. Mwisho wa muhula huu wataamua kama nitabaki au nitarudi kukata nyama na baba. Anayenikagua ni naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Mutugi.

Kinachonishinda ni malengo ya somo. Kila andalio huanza hivyo hivyo: kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Mimi niliandika "aelewe kilo ni nini". Mutugi akapiga mstari mwekundu.

"Mwalimu Rukaya, huko kuelewa nitakuona wapi? Amekuweka mfuko gani?"

Akaniambia niandike kitu ambacho mtoto atafanya nasi tukione kwa macho. Basi nikaandika: "aweze kupima kilo moja ya maharagwe kwa mizani." Nilijivunia lengo hilo, Shangazi. Baba akaniazima mizani yake ya zamani, ile ya sahani mbili na mawe.

Jumatano Mutugi akaketi nyuma ya darasa na kalamu yake. Wa kwanza kuitwa alikuwa Karwirwa, ambaye mama yake anauza nafaka sokoni. Akamimina polepole mpaka sahani zikalingana. Nikashusha pumzi. Halafu akachota konzi moja ya maharagwe akaitupa juu ya yale mengine, sahani ikashuka ko!

"Karwirwa, hiyo ni ya nini?"

"Ni nyongeza, mwalimu. Kwani utampa mtu kilo kavu?"

Wote waliofuata wakafanya vivyo hivyo, sahani sawa, kisha konzi. Misheck aliongeza konzi mbili, akasema mteja wake ana watoto wengi. Mutugi hakucheka. Aliandika: "Lengo halikufikiwa. Hakuna aliyepima kilo moja."

Nilipofika nyumbani niliandika hivi katika shajara yangu: "11 Juni. Halikufikiwa, asema Mutugi. Limefikiwa, nasema mimi. Sijui."

Bado sijui. Kwa yale niliyoandika, Mutugi amesema kweli. Lakini nilimwona kila mtoto akisimama palepale kilo inapoishia. Na kama walilijua hilo sokoni kabla hawajaniona, mimi nimefundisha nini? Nilimweleza baba, akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Niletee hao, nifungue buchari ya pili!" Jibu hilo halikunisaidia.

Mutugi atarudi Jumanne tarehe 24, na ndiyo mara ya mwisho kabla hawajaamua. Nimeandika lengo upya mara nne. La sasa ni hili: "aweze kupima kilo moja, aonyeshe sahani zimelingana, ndipo aongeze." Je, hilo ni lengo, au nawatetea watoto tu? Wewe umefundisha miaka thelathini. Nijibu hata kwa mistari miwili.

Nisalimie mzee Khalifa, na umwambie Aminah picha ya mtoto wake imefika, ana paji la uso la baba yangu kabisa. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe nguvu na akutunzie goti hilo mpaka uje utuone.

Barua hii inakuja na ndengu za Mbeere. Nimezipima mwenyewe kwa mizani ile ile, kilo mbili sawasawa, nikafunga mfuko. Kisha nikaufungua tena.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,
Rukaya Idrisi