Pembe za Bibi Harusi

Migato, Itilima,
Mkoa wa Simiyu.
17 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Dastan,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ujerumani, wewe na wifi yangu Jenifer, na huyo wajina wa mama, Milembe mdogo, ambaye mmeniambia ameota meno mawili na kila kitu anakipeleka mdomoni. Sisi huku hatujambo, ukiacha mafua ya vumbi la msimu wa pamba, ambayo wewe mwenyewe unayakumbuka. Goti langu limetulia. Mama anakula, anasali na anagombana na kuku kama kawaida, isipokuwa kuna jambo lake moja, nalo ndilo lililonifanya niache simu nishike kalamu.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mvua zilikuja kwa kuchagua mashamba. Letu la mtoni lilipata, la mlimani likakosa, kwa hiyo mahindi ni nusu, ila choroko zimekubali. Pamba tunamalizia kuvuna. Gloria, jirani yetu mwenye cherehani, anaozesha binti mwezi wa kumi na anataka ujue mapema usije ukasema hukuambiwa.

Sasa nikuombe radhi kwa ile simu ya Jumamosi. Najua nilikutisha. Nilisema tu umnyang'anye mtoto ng'ombe wake wa kitambaa, mara mtandao ukakata, na nilipokupata kwa ujumbe ukaniuliza kama nimeota ndoto mbaya au kuna mtu amekwenda kwa mganga. Sikuota, wala hakuna aliyekwenda popote. Nakushukuru ulimnyang'anya kwanza ndipo ukauliza.

Jambo lilianzia kwenye fomu yako. Niliichapisha kwa mwenye steshenari Bariadi, kurasa sita. Hao wenye soko la mtandaoni wanataka kujua nani anashona hawa ng'ombe wetu, anakaa wapi, tumboni wamejazwa nini, wanamfaa mtoto wa umri gani, na kama kuna kipande kinachoweza kung'oka mtoto akakimeza. Wamekupa siku kumi na nne, zikipita wanawaondoa ng'ombe wote kwenye duka lako. Na wewe ukaniandikia, "Dada, jaza tu ndiyo kote, hawaji Migato kukagua."

Hapo ulinikera, Dastan. Nimekubeba mgongoni, nakujua tangu ulipokuwa ukipeleka mbuzi kunywa maji na kuwarudisha wana kiu kwa sababu ya mpira. Nikasema tutajibu swali moja moja.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Tumboni ni pamba safi iliyochambuliwa kiwandani, tukaandika hivyo. Mahali pa umri mama alisema ng'ombe anapewa mtoto anayeweza kuchunga. Nilipomwambia wao wanataka miaka, akasema mtoto wa chini ya miaka mitatu haachiwi hata ndama, kwa hiyo tuandike mitatu. Baadaye niliona kwenye maelezo yao kwamba hata wao mtoto wa chini ya mitatu wanamwogopea vipande vidogo.

Lile la kung'oka ndilo lilitaka kazi. Wanasema kila kipande kivutwe kwa uzito wa kilo tisa, sekunde kumi. Gloria akajitolea kuvuta kwa mkono, lakini mkono wa Gloria nani anajua una kilo ngapi. Nikawapakia ng'ombe kwenye kikapu, tukaenda wote watatu pale ushirika unaponunulia pamba, kwa Mayige, karani wa mizani. Mayige alicheka sana. Alisema ng'ombe hupimwa mnadani, hapa ni pamba tu. Hata hivyo alitupimia kilo tisa za pamba kwenye gunia, tukamning'iniza ng'ombe kwa pembe kwenye ndoana, gunia likafungwa tumboni mwake. Waliokuja kuuza pamba wakahesabu kwa sauti, moja hadi kumi.

Tulianza na wale wa mwaka jana, ambao mama amewaita Masika na Mnadani. Pembe zao hazikutikisika. Watu wakapiga makofi, na mama alikaa juu ya gunia akitabasamu, maana unajua pembe zote ni kazi yake, hajamwachia mtu. Husema pembe tukizishona sisi zinalegea, ng'ombe anakuwa na masikio mawili zaidi.

Kisha tukamtundika ng'ombe aitwaye Jumapili, aliyeshonwa baada ya Pasaka. Tulipofika tatu pembe ikang'oka, ng'ombe na gunia vyote chini. Watu wakacheka. Aliyefuata hakufika hata tatu. Wa tatu naye vilevile, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nikaangalia mishono. Mingi ilikuwa imepita pembeni ya kitambaa, uzi umezunguka na kurudi bila kushika kitu. Mama aliiokota ile pembe, akaipapasa kwa dole gumba. Gloria akaanza kulia, ndipo akasema. Tangu Kwaresima yeye ndiye anayemtungia mama sindano. Mama haoni tena kidole chake mwenyewe, anashona kwa kupapasa, na alimkataza Gloria asiniambie.

Nilimkasirikia Gloria, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nakaa naye kaya moja. Nilimwona akimimina chai nje ya kikombe nikasema ni uzee. Nisamehe, mdogo wangu, ulinikabidhi mama na mimi nilikuwa naangalia pamba.

Mama yeye hakuuliza kuhusu duka. Alisema tu, "Wa mtoto nilimshona baada ya Pasaka. Mpigieni Dastan sasa hivi." Ndiyo simu uliyoipata, nikiwa nimesimama pale pale kando ya mizani.

Sasa nikwambie kilichonitisha. Unakumbuka baba alipofariki, mama alivyolala miezi miwili akitazama ukuta. Kilichomwinua ni lile shati la baba alilolikata akashona ng'ombe wa kwanza, akampa jina la ng'ombe wa baba, kisha wa pili, hadi akalimaliza zizi lote lililokufa kwa ukame. Nikawaza, nikimwambia asishike tena sindano, atarudi ukutani. Nakiri niliwaza kufanya ulivyosema. Nijaze ndiyo, nizirudie pembe zake kimya kimya, asijue.

Lakini tulipofika nyumbani alinitaka nimsomee fomu yote, swali kwa swali, na majibu akatoa yeye. Kwenye swali la kama kuna bidhaa zenye hatari zilizokwisha kutoka nilisita. Akasema, "Andika, Felisita. Zizi ni langu, ng'ombe wakila shamba la mtu aitwe nani?"

Nikaandika. Walioshonwa tangu Kwaresima na kufika huko ni watano, na majina yao ni Kijivu, Madoa, Zawadi, Mkia Mfupi, na Bibi Harusi wa mwanao. Tulivyokuwa tukimcheka mama kwa kumpa kila mmoja jina, na Gloria kwa kuyaandika kwenye daftari na nani amepelekewa, kumbe ndicho hao wazungu wanachokiita utambulisho wa bidhaa. Hakuna ng'ombe wetu asiyejulikana aliko. Wale wanne, kama hukuwaandikia wanunuzi wao ulipoiona fomu, waandikie leo, uwaambie pembe zinang'oka na wawarudishe ng'ombe. Fomu nilikutumia kwa picha jana, ipeleke ilivyo. Wakifunga duka, wafunge. Sahihi ya mama imetoka nje ya mstari, na ninakuomba usiirekebishe.

Sasa la macho. Madaktari wa macho wanakuja Bariadi katikati ya Septemba. Nesi wa zahanati amemtazama mama akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa mtu akaona tena. Nilimsihi mama siku tatu akubali. Alikataa, akasema macho yake yameshaona ya kutosha. Nikajua ni aibu, si ushupavu. Anaona amemtegea mjukuu wake mtego.

Jana ndipo aliponiita. Alikuwa amemaliza ng'ombe mwingine, ambaye Sista Specioza wa parokia yetu atakuletea pamoja na barua hii, maana anakuja huko kwenye mkutano wao. Huyu hana pembe za kushikiza. Amezichora kwa uzi mnene juu ya kitambaa chenyewe, kwa kupapasa tu, na macho ya ng'ombe ni uzi pia. Nilimpeleka kwa Mayige bila kumwambia mama. Ndoana tuliipitisha kwenye uzi wa pembe, tukahesabu kumi, Mayige akaendelea hadi thelathini, akaamua kwamba gunia litachoka kwanza. Fomu inasema miaka mitatu, kwa hiyo mtoto asiachiwe peke yake naye, lakini ukiwa umempakata mwache avute.

Kisha mama akasema hivi: Bibi Harusi asitupwe. Ng'ombe akiumwa anarudishwa nyumbani. Sista anarudi huku tarehe ishirini Agosti, mpe aje naye, na pembe zake zote mbili, hata kama moja imeshatoka. Akifika, mama atakubali kwenda Bariadi kupasuliwa, kwa sababu anataka kuzirudisha pembe hizo yeye mwenyewe, akiziona.

Nami nakukumbusha kwamba Bibi Harusi halisi, yule wa zizi la baba, alikuja kwetu kwa mahari yangu, kwa hiyo na mimi nina neno kwa ng'ombe huyo. Dastan, ukisahau mengine yote, hili usisahau. Usimwoshe, usimpige pasi, usitafute sanduku zuri. Mtie kwenye mfuko umpe Sista.

Nisalimie sana wifi Jenifer, mwambie namshukuru kwa kunyamaza bila kutulaumu. Msalimie kaka Athanasi mkionana. Gloria anakusalimu, bado anaona aibu, lakini tumekwisha kupatana na tumekula ugali pamoja. Mayige naye anakusalimu, anauliza kama huko Ulaya wanahitaji karani wa mizani.

Mungu awalinde nyumbani kwenu, ampe mtoto meno mengine bila homa, na akupe wewe usingizi. Wabeja sana kwa yote unayotufanyia.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokukaripia,
Felisita

N.B. Mama amenizuia nisifunge bahasha. Anasema nikuulize kama mtoto alilia sana aliponyang'anywa, na kama alilia, umwambie bibi anamwomba radhi.