Taa ya Vifaranga

Jumatano, 6 Mei

Nimewasha taa ya vifaranga, nimebadilisha maji yao, nimeenda kuchuma chai. Mvua. Chai inachipuka kama kawaida. Ombati mume wangu tumemzika mwezi uliopita na majani yanataka kuchumwa vilevile.

Vifaranga aliviagiza yeye. Vimefika baada ya mazishi, kwenye boksi lililoandikwa jina la mume wangu. Mimi nilisimama tu mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyevipokea. Tangu mazishi hali vizuri, haendi kwa jirani, haendi sokoni Magwagwa. Kwa vifaranga tu ndiyo anaamka. Vikifa sijui huyu mama atashika nini.

Mimi sihisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 7 Mei

Ng'ombe amegoma kutoa maziwa kwangu. Anamtaka Mama.

Taa yenyewe ni ile kubwa ya kumulika mjengo. Ombati alipewa kazini, Kisii mjini, kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika. Alikuwa fundi wa stima, na ukiolewa na fundi unajua hata usiyoyauliza. Balbu yake ni kijibomba cha kioo, chembamba kama kalamu. Halojeni. Alinieleza tukila: kwenye balbu za zamani waya hugeuka mvuke polepole, mvuke unapaka kioo weusi, waya unakonda, unakatika. Watu wakafikiri, wakatia ndani gesi kidogo ya kuzibeba chembe za ule mvuke na kuzirudisha kwenye waya. Lakini kazi hiyo haifanyiki kioo kikiwa baridi. Lazima kiwe moto wa kuunguza. Ndiyo maana inafaa vifaranga.

Nilimuuliza, sasa mbona balbu hizi nazo hufa? Akasema chembe hurudi, ila hazirudi palepale zilipotoka.

Jioni Mama amesema tena maneno yake. "Mimi ndiye nilimtuma." Alimtuma akate nyasi za ng'ombe, akaangukia huko shambani. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwa ulipasuka, angeanguka hata kitandani. Nimemwambia hivyo tena. Ananitazama kama mtoto anayebembelezwa na anajua.

Ijumaa, 8 Mei

Siku ya maandalio. Kwetu Wasabato jua la Ijumaa halizami nyumba ikiwa na vumbi. Mama amefagia hadi nyuma ya choo. Masufuria yote. Mchana jua lilitoka, akazima taa ya vifaranga na kuipangusa nayo, ati ilikuwa imejaa vumbi la maranda. Alikuwa ametoka kukama. Ni kazi yake ya kwanza aliyoifanya kwa moyo tangu msiba. Nilifurahi, au nilijua kwamba ningefurahi.

Jumamosi, 9 Mei

Tulikuwa kanisani. Mvua ya mawe, hatukusikia mahubiri.

Tumerudi, taa imezima. Balbu imepasuka. Vifaranga vimerundikana kwenye kona, vya chini vimekufa. Mama aliingiza vilivyobaki kifuani, ndani ya gauni la kanisani, akaketi sakafuni. Nimewasha jiko la makaa. Siku ya Sabato, na hakuna aliyenikemea. Kununua balbu haiwezekani. Wenye maduka walikuwa nasi kanisani.

Nimeokota vipande. Kimoja kimevimba, na juu yake kuna alama za vidole, zimeungulia kwenye kioo, nyeupe. Mafuta ya kukamulia, anayojipaka Mama mikononi akikama. Ombati alikuwa akishika balbu mpya kwa karatasi safi, hata kama ametoka kuoga. Mafuta ya mkono yakibaki, moto ukija, hapo ndipo kioo kinapolegea.

Mama ameuliza ni nini kimetokea. Nimesema stima imekuja na nguvu.

"Kila ninachogusa," amesema.

Jumapili, 10 Mei

Nimeshinda Kisii, duka hadi duka. Wote wananipa LED. Haili stima, haichomi. Nawaambia nataka inayochoma. Mmoja amecheka, ati mama, watu wanakimbia moto wewe unautafuta. Akapanda ngazi, akanipatia moja yenye vumbi. Amesema hizi haziletwi tena.

Nimeifunga nikiishika kwa karatasi. Vifaranga vilikaa na jiko siku nzima. Mama alikaa navyo.

Jumanne, 12 Mei

Nimesema mtu yeyote asiguse taa. Nitaipangusa mwenyewe.

Mama: "Kwa nini?"

Nimesema ni moto, itamchoma.

"Ijumaa ilikuwa imezimwa."

Nimeenda kuchuma chai. Chai nilikuwa nimeshaichuma. Nimesimama tu hapo katikati ya mistari.

Jioni amerudia, mimi ndiye nilimtuma. Nimesema, Mama, si wewe. Amejibu, "Wewe unasema tu." Sina hasira naye. Nina hasira na mimi.

Ijumaa, 15 Mei

Maandalio. Mvua haikunyesha. Mama amefagia, amesugua, amekuja kwenye vifaranga na kitambaa mkononi. Akasimama mbali na taa. Vidole vyake viling'aa kwa mafuta.

"Kerubo. Ni mimi?"

Nilikuwa na neno lile la stima mdomoni. Likakwama.

"Ndiyo, Mama. Ni mafuta ya mkono. Hicho kioo hakitaki. Hukujua, na mimi sikukwambia."

Amekaa juu ya ndoo. Nilidhani ataanguka. Ameangalia mikono yake, mbele na nyuma, muda mrefu.

"Na mwanangu?"

"Hapana. Huyo si wewe."

Safari hii hakubisha. Ameinamisha kichwa na kulia, na mimi nimelia, mara ya kwanza. Kunauma. Kisha akaenda kunawa kwa sabuni, akarudi, akaniomba karatasi.

Tumekaa hapo hadi jua likazama. Vifaranga vimelala vimetawanyika, ndivyo vinavyolala vikipata joto la kutosha.