Pacha wa Nahodha

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike Kitura situlii. Leo nimewasha runinga mara tatu na kuizima mara tatu, kisha nikatoka kuliangalia ziwa kama mtu aliyepoteza kitu. Ile tamthilia yetu ya chombo cha angani imebakiza sehemu moja tu, ya mwisho, nami nashindwa kuitazama.

Nilipoanza kuileta nilikuwa kidato cha kwanza, narushiwa kwenye flashi pale stendi ya Mbinga. Wewe uliweka ungo wa kahawa mapajani, ukichambua mbovu, nami nikikutafsiria Kiingereza kwa Kimatengo. Mama, msimu ule wa kwanza wa tamthilia ulikuwa mbaya. Kuta za chombo zilitikisika mtu akifunga mlango, na viumbe wa sayari nyingine walikuwa watu waliopakwa rangi. Kiingereza changu kilikuwa kibaya kuliko hao viumbe. Nisipoelewa, nilitunga.

Ndivyo nilivyomuua nahodha. Alianguka, wenzake wakalia, nikakuambia amekufa. Kesho yake akatokea anakunywa chai. Mkono wako ukasimama kwenye ungo.

"Si alikufa jana huyu?"

"Huyu pacha wake, mama."

"Haya," ukasema, ukaendelea kuchambua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika msimu wa saba, maana pacha yule ilibidi nimlee, nimtafutie mke, nimpe na ugomvi na marehemu nduguye.

Lakini tamthilia nayo ilikua. Kufikia msimu wa nne walipunguza kurushiana moto wakaanza kuzungumza. Nahodha alipomwomba radhi mtu aliyemtelekeza kwenye sayari ya mbali, nilikutafsiria neno kwa neno, kwa kuwa lugha nilishaielewa. Ulilia. Ukasema, "Sasa hawa wamejua kazi." Nilitaka kukiri siku ile, nikaona aibu. Nikajiambia nitakiri tamthilia ikiisha. Ukaugua, ukaenda, nami nimebaki na uongo wangu mdomoni.

Jana Mama Mdogo alishuka kutoka Kitura kuja kunisalimia hapa ziwani ninakofundisha Kiingereza. Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Dada alijua siku ile ile ya pacha," akasema. "Nilimwuliza kwa nini anakaa kusikiliza uongo wa mtoto. Akaniambia, 'Nikimkosoa atanyamaza, na akinyamaza hatajifunza.'"

Sikulala vizuri. Ulivumilia misimu mitatu mibovu, mama, wala haikuwa kwa ajili ya nahodha. Nina hasira nawe kwa kunificha, na sina wa kumnunia. Nakushukuru pia, na shukrani hiyo sijui nikupelekee wapi.

Mama Mdogo ameketi mbele ya runinga. Hajui Kiingereza, na ameniuliza mara mbili kama tunaanza. Naiwasha tena, nimtafsirie yeye. Ni sauti yangu tu inayonigomea.

Pumzika, mama.

Mwanao, mkalimani wako