Mahali Alipokaa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki tatu leo tangu Shangazi atutoke. Asubuhi nimefungua tena mlango wa nyuma wa gari, nikasimama nikingoja apande. Nani apande? Binamu alikuwa ameshajirusha mbele zamani, amekalia kiti changu, ananitazama kama dereva anayecheleweshwa na abiria.

Naandika haya nisije nikayasema kazini. Mimi ni fundi wa maji, mwanamke pekee kwenye gari la uvujaji, na kulilia mbwa mbele ya wanaume wenye sururu sitaki. Lakini nimelia. Stoo ya mabomba, dakika mbili, basi.

Miaka tisa tulifanya kazi pamoja. Bomba likipasuka chini ya lami, mara nyingi maji hayaonekani juu, yanapotelea tu ardhini. Shangazi alinusa dawa ya maji ikipanda kwenye udongo. Akiipata, anakaa. Na akishakaa hainuki mpaka ayaone maji kwa macho yake! Umvute, umbembeleze, umwonyeshe biskuti — wapi. Hilo hakufundishwa na mtu. Ndiyo maana tukamwita Shangazi: anakagua kila kitu na haondoki mpaka aridhike. Binti yake tukamwita Binamu. Angeitwa nani tena?

Jumanne, 4 Machi

Shimo la kwanza la Binamu bila mama yake. Kona ya duka la rangi. Alikaa vizuri, mgongo wima, mama mtupu! Moyo ukaniruka. Wachimbaji wakashuka mpaka kwenye bomba.

Kavu. Bomba zima, halina hata jasho. Mwenye duka akatoka kuuliza kama tunatafuta hazina, na kama ipo, tukumbuke ni mbele ya duka lake. Binamu mwenyewe, shimo halijafika hata magotini, alikuwa ameshainuka anacheza na kopo.

Alhamisi, 6 Machi

Shimo la pili, mbele ya maktaba. Kavu.

Meneja ameniita. Hakufoka — angefoka ingekuwa nafuu. Amesema barabara imefungwa mara mbili bure, watu wanalalamika, na Masikio, fundi wetu wa kusikiliza mabomba, na fimbo yake wanatosha. Si lazima mbwa arithi kazi ya mama yake. Kisha akasema: Ijumaa ya wiki ijayo, mtaa wa shule. Maji yanapotea pale na hakuna anayejua wapi. Likitoka shimo kavu jingine, Binamu anakwenda kulinda ghala la mabomba.

Kwa mnyororo! Binamu, anayekimbia hata akiwa usingizini.

Nimesema sawa, bosi. Nimetoka nje ndipo nikasema mengine.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu ni fundi saa, hajibu kitu mpaka amalize skrubu aliyoishika. Nimemweleza yote. Skrubu ikaisha. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, mama. Mpe muda." Nikamwambia nyoka gani huyo anapewa wiki moja.

Baadaye nimemkuta anajaza bakuli mbili za maji. Mbili! Hakugundua, na sikumwambia. Ya Shangazi nimeyamwagia maua.

Jumatatu, 10 Machi

Masikio ni mwenzetu wa fimbo ya chuma. Anaisimika juu ya bomba, anaweka sikio kwenye ncha ya juu, anasikia maji yakilia huko chini. Miaka yote alimtania Shangazi, "mshindani wangu mwenye mkia," na hajawahi kukiri nani alishinda. Leo nimemwomba afuatane nasi kwenye mazoezi. Binamu amekaa mara tatu. Masikio hakuweka fimbo chini hata mara moja. Alitembea nyuma yetu tu, kichwa upande.

Mwishoni akasema, "Dada, usinikasirikie." Nikajua nitakasirika.

Akasema hakuwa akimsikiliza mbwa. Alikuwa akisikiliza viatu vyangu. Kabla Binamu hajakaa, hatua zangu zinapungua. Kila mara. Kwenye nguzo, kwenye geti la bluu, kwenye duka la rangi. "Pote pale Shangazi aliwahi kukaa, Dada. Wewe unasita kumkumbuka. Mtoto anadhani unamwambia kaa."

Nimempandishia sauti. Nimepanda gari nikamwacha barabarani! Nilipofika kwenye taa nikageuza. Alikuwa palepale, fimbo begani, hajasogea hata hatua.

Jumanne, 11 Machi

Ni kweli. Nyani haoni kundule.

Duka la rangi: pale Shangazi alikaa siku ya mvua kubwa, sisi sote tukisema ni maji ya mvua tu, kumbe bomba lilikuwa linakula msingi wa nyumba yenye watu ndani. Maktaba: pale alikaa kwa muda wa saa nne, kigae cha chupa kimemchoma mguuni. Nikifika sehemu hizo miguu yangu inakuwa mizito, na mimi nilikuwa sijui. Wiki nzima nimemlaumu Binamu moyoni, eti hana pua ya mama yake. Kumbe ananitii. Nimemwonea.

Nimejaribu kutembea sawasawa, moja mbili, moja mbili. Kwenye maktaba nikapunguza mwendo kwa kuogopa kupunguza mwendo. Binamu akakaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba Masikio ashike kamba yeye. Akauliza, mbwa akifaulu, yeye haya masikio yake atayapeleka wapi? Alicheka, ila haukuwa utani mtupu. Naye ana watoto shule.

Akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe." Nikampa masharti: kamba ilegee. Usiongee. Usitazame chini. Tembea kama mtu anayekwenda posta.

Alhamisi, 13 Machi

Binamu amekula vizuri. Mimi sijala.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia ndani ya gari, kiti cha nyuma, juu ya blanketi la Shangazi. Bado lina manyoya yake. Mgongo nimeipa barabara — sharti la Masikio, nisionekane na Binamu. Huu mtaa wa shule Shangazi hakuwahi kukaa hata mara moja. Sina cha kukumbuka hapa.

Wamepita mara ya kwanza. Hakuna kitu.

Wanarudi. Nasikia viatu vya Masikio, havibadiliki. Mungu ambariki, anakwenda posta kweli.

"Amekaa!"

Kati ya geti la shule na kibanda cha baiskeli, anasema. Meneja anamuuliza fimbo inasema nini. "Sisikii kitu, bosi." Ewe Masikio! Si ungedanganya kidogo tu!

Wanachimba.

Magotini. Kavu.

Kiunoni. Kavu. Meneja anasema imetosha, mtoeni mbwa, fukieni.

Nimegeuka. Nimeshindwa kuvumilia. Kupitia kioo namwona Masikio anavuta kamba. Anabembeleza. Ametoa biskuti mfukoni, anampitishia puani. Binamu hatazami biskuti. Hatazami gari. Anatazama shimo.

Masikio ameiachia kamba. Anavua koti. Amechukua sururu kwa mchimbaji, anaingia shimoni yeye mwenyewe.

"Bosi," namsikia, "ngoja kwanza. Huyu hainuki."