Kisahani cha Kwandu

Winnie, acha unachofanya usome. Kwandu wa maabara amekwisha.

Unamkumbuka mzee Mayige wa kidonda cha mguu, vijidudu vyake vimegomea kila antibiotiki. Kwandu akavidondoshea kwenye kisahani cha maabara dawa ya mizizi ya mama mkwe wake, yule shemasi wa Kasoli. Vikafa. Vikafa vyote, Winnie. Akatangaza wodi nzima.

Leo asubuhi wanawe Mayige wakampakia mzee kwenye bodaboda, hao Kasoli kwa huyo mama mkwe.

Daktari anakuja na dawa mpya iliyotoka Mwanza, anakuta kitanda kitupu. Akamuuliza Kwandu, "Hiyo mizizi imelowekwa kwenye nini?"

Hajui. Akampigia mama mkwe simu, spika wazi, sote tunasikia.

"Mayu, mizizi unailoweka kwenye nini?"

"Kwenye gongo, mwanangu. Mchungaji asijue."

Gongo. Shemasi mzima. Na Kwandu hakuwahi kuipima gongo peke yake, wakati pombe kali yoyote inaua vijidudu vya kwenye kisahani.

Kwandu akaisogelea simu. "Mzee Mayige amefika?"

"Amefika. Nimempa vikombe vitatu. Mguu hausikii tena, anaimba."